Mtihani wa Mama Mwenye Nyumba

Kijana wa nchi yetu hufundishwa mengi kabla ya kuruhusiwa kutoka kwao. Afikapo mwaka wa mwisho wa chuo huwa amekwisha kujua chanzo cha mto Nile, sababu za Vita vya Majimaji, na kanuni ya kutafutia eneo la duara. Ama lile jambo ambalo hana budi kulikabili juma lile lile apatapo ajira, yaani kumwendea mtu asiyemjua, katika mtaa asioujua, akamkabidhi kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa ajili ya chumba ambacho rangi yake bado haijakauka, hilo hakuna mtaala uliopata kulitaja. Mimi nafundisha stadi za mawasiliano katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, somo ambalo wanafunzi hulihesabu kuwa mapumziko baina ya masomo mawili ya maana, na kwa kuwa hapana mtu anayekagua niyasemayo humo, niliazimu kuitia elimu hiyo katika ratiba kwa idhini yangu mwenyewe.

Nilianza kwa tarikhi, kama ilivyo ada ya walimu wasiojua waanzie wapi. Niliwaeleza kwamba mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwamba mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Kwamba mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi, nayo ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ya chumba imebaki kuwa maelewano ya mpangaji na mwenye nyumba. Msichana mmoja wa safu ya mbele, ambaye hapendi mizunguko, akainua mkono.

"Ticha, kwa hiyo wakisema miezi sita, unatoa miezi sita?"

Nikamjibu kuwa ndivyo. Akafunga daftari.

Tuliosalia tuliandika pamoja maswali ambayo mpangaji mwenye hadhari hana budi kuyauliza: maji hutoka siku gani, LUKU ni ya peke yako au ya nyumba nzima, choo hutumiwa na watu wangapi, geti hufungwa saa ngapi, na risiti hutolewa au husahauliwa. Kijana mmoja mwenye hati nzuri aliyanakili yote kwa wino mweusi, akayatia katika jalada la plastiki, na kwa jalada hilo tukaenda Kimara kufanya mazoezi kwa vitendo, mimi na wale wachache waliokubali kujilipia nauli ya mwendokasi, yule msichana akiwamo.

Dalali tulimkuta chini ya mwarobaini, kando ya kibao kilichotangaza vyumba, viwanja na magari mabovu. Alipokea kwanza fedha ya kuonyeshwa, ambayo hairudishwi hata ukionyeshwa banda la mbuzi, kisha akatuhakikishia kwamba nyumba iko dakika tano tu kutoka kituoni. Aijuaye Kimara anajua kwamba ni nchi ya vilima, na tulipokuwa tukipanda cha pili, jasho likitutiririka, nilibaini kuwa dakika za dalali huhesabiwa kwa pikipiki inayoteremka. Hapo ndipo aliponivuta kando kwa taadhima.

"Mzee, hawa wote ni chumba kimoja?" Na kabla sijamjibu, akaongeza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuona mengi: "Inawezekana. Ila mama mwenye nyumba asiwaone kwa pamoja."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi ukipita katikati hadi uani. Ukutani, juu ya mita ya LUKU, palibandikwa kikaratasi ambacho nilikisoma kwa makini kuliko nilivyopata kukisoma kitabu chochote cha utawala bora. Kila chumba kilitajwa kwa namba na mali zake: chumba cha kwanza, taa na redio, cha pili, feni na televisheni, cha nne, jokofu, likiwa limepigiwa mistari miwili chini, na mbele yake mchango mara mbili ya wengine. Chumba cha tano kiliandikwa "pasi", na mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu, ameongeza "KILA SIKU!!" Ugomvi wa wapangaji wa mji huu, kwa rai yangu, hauletwi na wanawake wala wanaume wala watoto, huletwa na uniti, na mwenye kununua za mwisho hujiona amedhulumiwa hata kama zimemulika chumbani mwake peke yake.

Mama mwenye nyumba alikuwa uani, ameketi juu ya kibao cha mbuzi, akichambua mchele. Tukatoa shikamoo, akaitikia, na kijana wetu akafungua jalada lake, akakohoa.

"Mama, tungependa kwanza kufahamu hali ya upatikanaji wa maji…"

"Umeoa?"

"Hapana, mama. Kuhusu maji…"

"Wageni wako wanalala?"

"Wageni gani, mama?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Unapika maharage?"

Kijana, kwa unyofu ambao humponza mtu, akasema kwamba maharage ndiyo chakula akipendacho. Dalali akatazama juu ya paa. Mama akaacha kuchambua mchele.

"Kwa jiko gani?"

"La umeme, mama."

"Kwenu wapi?"

"Kyela."

"Basi pika wali. Maharage ni kwa mkaa, hapa uani. Na choo kikijaa mnachanga gari la kunyonya, hata kama ulikuwa umesafiri."

Jalada likafungwa. Swali la maji halikupata kujibiwa, ila mapipa saba ya bluu yaliyopangwa ukutani yalikuwa jawabu bayana.

Yule msichana asiyependa mizunguko ndiye aliyeomba kuuona mkataba. Mama akautoa katika mfuko wa nailoni: karatasi moja iliyodurufiwa kutoka nakala ya nakala, hata herufi zimefifia. Msichana akausoma wote kwa sauti. Kifungu cha tatu kilitaka notisi ya mwezi mmoja, cha sita kikataka miezi mitatu, na cha tisa kilimwamuru mwenye nyumba apake rangi kila mwaka kwa gharama zake. Mama alistuka. Miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumsomea. Mkataba huo aliandikiwa na mpangaji wake wa zamani, karani hodari sana, ambaye hatimaye alihama usiku akidaiwa.

"Wewe unaweza kuniandikia mwingine?" akauliza.

"Naweza, mama. Lakini nitalipa miezi mitatu mitatu."

Wakakubaliana papo hapo, bila kunishauri mimi wala tarikhi ya mwaka 1984. Dalali alinung'unika kidogo kwa ajili ya adabu tu, kwani ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, iwe mpangaji ametoa ya miezi mitatu au ya mwaka.

Msichana sasa anakaa chumba cha sita, na jina lake limo katika kikaratasi cha LUKU mbele ya feni. Mkataba wake ni kazi safi. Niliusahihisha mwenyewe, nikampa alama za juu. Nakala yake imekwisha kumfikia dalali, naye huiuzia wenye nyumba wa kilima kizima kwa shilingi elfu mbili, pamoja na kifungu cha saba kinachokataza kubandika maharage katika ukumbi wa vyumba sita, ijapokuwa nyingi za nyumba hizo hazina ukumbi.