Mwongozo wa Kuonana na Mzuka na Kurudi Salama

Wapo watu wanaofika uzeeni bila kuona hata mzuka mmoja. Wamelala kwenye nyumba za urithi, wamepita makaburini usiku wa manane wakitoka harusini, wamepumzika chini ya mbuyu unaoogopwa na kijiji kizima, na hakuna lililowatokea zaidi ya mbu. Watu wakikaa msibani, hadithi za majini zikianza kuzunguka na zamu ikawafikia, hawana la kuchangia ila kusifia wali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Jambo la kwanza ni kubaki nyumbani. Wanaoanza hukosea hapo: hubeba tochi wakaenda magofuni, wakarudi na mafua. Mzuka wa uhakika hupatikana kitandani kwako mwenyewe, na gharama yake ni usingizi tu. Jinyime kulala siku kadhaa. Shika shifti za usiku, kesha na mechi za Ulaya, amka alfajiri uwahi foleni. Ukishachoka hasa, lala chali. Usilale ubavu: wanaochunguza usingizi wameona kuwa mambo haya humpata zaidi anayelala chali.

Kinachofuata hakihitaji ubani. Katika ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nzito, ubongo hufunga misuli ili ukiota unakimbizwa na mbwa usimpige teke mwenzako. Mara chache akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa. Macho yanafunguka. Unaiona dari, unakiona chandarua, unaliona koti ulilolitundika nyuma ya mlango. Unajaribu kusogeza kidole, hakisogei. Unataka kumwita mama, sauti haitoki. Unavuta pumzi kubwa na kifua kinakataa, kwa sababu katika hali hiyo mapafu yanafuata mwendo wa usingizi, si amri yako, nawe unahisi umekaliwa. Hofu imeshawaka, na ndoto nayo haijaisha. Inaendelea kuchezwa juu ya chumba halisi. Sasa litazame lile koti. Limeota mabega. Linapiga hatua.

Hongera, umekabwa na jinamizi. Huko Newfoundland, Kanada, angekukalia bibi kizee mchawi. Japani wangekuambia umefungwa, na wao huita hali hiyo kanashibari. Kila nchi ina mgeni wake, lakini wageni wote hawa wana adabu moja ya ajabu: hawamtokei mtu aliyesimama ndani ya daladala saa sita mchana. Wala usidhani umepata karama ya pekee. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa watu kama 8 katika kila 100 wamepatwa na hali hii angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi walifika 28. Ama wanafunzi wamelaaniwa, ama wana mitihani.

Mgeni akishakuja, mpe jina upesi, tena jina ambalo jirani analijua. Jinamizi lisilo na jina hufa asubuhi mezani, kabla chai haijapoa. Lenye jina huvuka bahari.

Mfano mzuri tunao hapahapa. Mwaka 1995 mzuka aliyeitwa Popobawa alianzia Pemba, akahamia Unguja, na habari zake zikatua Dar es Salaam. Waliokumbwa naye walieleza kuamka usiku wakiwa wamekandamizwa, hawawezi kujitikisa wala kupiga kelele. Mengine waliyoyasimulia siyaandiki, maana makala haya yanaweza kusomwa mbele ya wakwe. Joe Nickell, Mmarekani aliyefanya kazi ya kuchunguza mambo ya miujiza, alipoyapitia maelezo yao hakuona kiumbe kipya. Aliona jinamizi lilelile, safari hii likiwa na mbawa.

Lakini kinachostahili kuigwa na mwanafunzi wa mwongozo huu ni ufundi wa lile tukio. Kwanza, ilivuma kwamba Popobawa humrudia anayenyamaza, kwa hiyo aliyekumbwa alipaswa kutangaza. Sijui kampuni ya simu iliyowahi kubuni promosheni kali kuliko hiyo. Pili, watu walivikimbia vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka, huyu akimwamsha yule kila jani likianguka. Yaani mtaa mzima ulikosa usingizi kwa pamoja, na kukosa usingizi ndiko kunakoleta jinamizi. Kila aliyepitiwa na usingizi kidogo alikuwa mgombea, na kila aliyekabwa alikuwa na wasikilizaji tayari, wameuzunguka moto, wanajua tayari atakachosimulia. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, kwa hiyo hapakukosekana waliojua ni nani kamtuma. Wimbi lilipungua, likarudi tena miaka iliyofuata.

Hapa naweka utani pembeni kidogo. Mwaka huohuo, Unguja, umati ulimpiga mpaka kumuua mtu mwenye maradhi ya akili ukidhani ndiye Popobawa. Popobawa mwenyewe hajawahi kukamatwa. Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja lisilo la mzaha: mzuka wako uwe wako. Usimvike mtu mwingine, awe mwehu wa sokoni au bibi wa jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni.

Tuendelee. Pengine hutaki mgeni mmoja wa kitandani. Unataka nyumba nzima iwe na mashetani, hatua zisikike darini na watu wasiojulikana wapite kwenye korido. Njia ipo, nami naieleza ili usiifuate. Mwaka 1912 familia moja ya Marekani ilihamia nyumba kubwa ya zamani. Haikuchukua muda wakaanza kuumwa vichwa na kuchoka bila sababu. Watoto wakapauka, maua ya ndani yakanyauka, usiku zikasikika hatua za miguu na watu wasiofahamika wakaonekana vyumbani. Ingekuwa kwetu, mbuzi angekuwa ameshachinjwa. Mwisho ikakaguliwa tanuri ya kupashia nyumba joto, ikakutwa mbovu: moshi usiofaa kuvutwa na binadamu, badala ya kutoka dohani, ulikuwa unaingia ndani. Tanuri ikatengenezwa, na mizimu ikahama bila kudai kodi ya miezi iliyobaki. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1921 na daktari wa macho, William Wilmer.

Hewa yenyewe ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ndiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, madirisha yamefungwa. Huanza kwa kichwa kuuma, huendelea kwa kizunguzungu na maruweruwe, na mara nyingi humaliza kwa mazishi ambako wazee hunong'onezana kuwa marehemu hawakuondoka hivihivi. Ukisikia hatua darini, toa jiko nje kwanza. Mganga anaweza kusubiri hadi asubuhi.

Kuna pia mzuka wa feni. Vic Tandy alikuwa mhandisi kwenye maabara huko Coventry, Uingereza, ambayo wafanyakazi wake walisema ina kitu. Usiku mmoja akiwa peke yake alitokwa jasho la baridi, akahisi anatazamwa, na pembeni ya jicho akaona umbo la kijivu, alipogeuka, halipo. Kesho yake alibana upanga wake wa michezo kwenye jiriwa ili aurekebishe, na upanga ukaanza kutetemeka bila kuguswa. Mtu wa kawaida angeacha kazi. Yeye, kwa kuwa ni mhandisi, akausogeza upanga huku na huko chumbani, akaona unatetemeka zaidi katikati na kutulia pembeni. Chanzo kikawa feni mpya ya kutolea hewa, iliyokuwa ikitoa mngurumo wa mitetemo kama 19 kwa sekunde, wa chini mno kwa sikio kuusikia. Feni ikarekebishwa, nyumba ikatulia. Aliyaandika hayo mwaka 1998. Nitoe tahadhari moja: tangu hapo wapo wanaoigeuza hiyo 19 kuwa hirizi yao na kuivisha kila nyumba yenye mzuka, ilhali ushahidi wa jumla ni mwembamba. Asiyeamini mizuka lakini anaamini feni bila kupima naye ana safari.

Ukichoka kungoja wageni, toka wewe. Kuacha mwili, ukaelea darini na kujitazama ulivyolala, ni jambo ambalo watu wakweli kabisa husimulia, na nadhani wenye kushuku huharibu kazi yao wanapoanza kwa kuwaita waongo. Waliona walichoona. Swali ni walikuwa wapi walipokiona.

Mwaka 2002 timu ya Olaf Blanke, hospitalini Geneva, ilikuwa ikimchunguza mwanamke mwenye kifafa kwa kupitisha umeme kidogo kwenye ubongo wake. Walipogusa sehemu fulani ya upande wa kulia, juu kidogo nyuma ya sikio, akahisi anazama kitandani. Wakaongeza umeme, akasema anajiona kutoka juu amelala, naye anaelea karibu na dari. Ila alichokiona ni miguu na nusu ya chini ya kiwiliwili tu. Roho imefunga safari yote hiyo, imefika darini, na haikuweza kuuona hata uso wa mwenyewe! Sehemu ile ya ubongo ndiyo inayokusanya taarifa za macho, ngozi na mizani ya mwili, kisha inaamua wewe uko wapi. Taarifa zikigongana, hukuweka inapoona panafaa.

Anayeogopa umeme atumie kamera. Mwaka 2007 Henrik Ehrsson aliwakalisha watu kitini London, akawavisha miwani yenye skrini zilizoonyesha picha kutoka kamera mbili zilizokuwa nyuma ya migongo yao. Kisha akawagusa kifuani kwa kijiti, huku kijiti kingine kikielekezwa chini kidogo ya kamera, kwa mapigo yaleyale. Punde mtu akahisi amekaa pale kamera ilipo, anautazama mgongo wa mtu mwingine, kumbe ni wake. Ehrsson akachukua nyundo akaizungusha mahali ambapo mwili huo usiokuwepo ulidhaniwa upo, na jasho la ngozi likapanda kwa hofu. Hakuna ubani, hakuna kufunga siku saba, hakuna ada ya mwalimu wa tafakuri.

Wapo watakaokuambia roho imeshapimwa, ina gramu 21. Chanzo ni daktari Duncan MacDougall wa Haverhill, Massachusetts, ambaye mwaka 1907 alitangaza matokeo ya kuwalaza watu waliokuwa wanakata roho kwenye kitanda kilichowekwa juu ya mizani. Wagonjwa walikuwa 6. Wawili alitupa matokeo yao, na zile gramu 21 ni za mmoja. Mbwa 15 nao wakafia kwenye mizani, uzito haukupungua, akahitimisha hawana roho.

Kipimo cha maana ni kingine. Kama kweli mtu hufika darini, basi na aone kilichoko juu ya kabati. Sam Parnia na wenzake walifanya hivyo kwa uzito unaostahili: katika hospitali 15 walitundika mbao zenye picha zinazoonekana kutoka juu tu, wakafuatilia visa 2,060 vya watu waliosimama moyo. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Walionusurika na kuweza kuhojiwa walikuwa 140. Wawili walikumbuka kuona au kusikia yaliyotokea wakati wakihudumiwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye chumba chenye ubao. Picha zote zilibaki na wenyewe.

Nawe unaweza kufanya jaribio hilo nyumbani, na ndiyo hatua ya mwisho. Zamani kulikuwa na faida ya kifedha: James Randi, mfanya mazingaombwe, alianza mwaka 1964 kwa kuahidi dola 1,000 kwa atakayeonyesha uwezo wa aina hiyo mbele ya mashahidi. Zawadi ikafika dola milioni 1, ikafungwa mwaka 2015 bila mtu kuvuka hata jaribio la awali. Muda wote huo matangazo ya waganga wenye pete za utajiri yaliendelea kubandikwa kwenye nguzo za umeme, na hakuna aliyeona haja ya kupanda ndege akachukue milioni yake.

Basi, mwombe mtu aandike namba ya tarakimu tano kwenye karatasi na kuiweka juu ya kabati, upande wa maandishi ukitazama dari. Wewe usimwone akiandika. Ondoa saa ya ukutani: mwanasaikolojia Charles Tart alimlaza maabara binti mmoja aliyeitaja namba sawasawa, 25132, na alipoandika ripoti yake mwaka 1968 ikabidi akiri kuwa huenda binti aliiona kwenye mng'ao wa saa iliyokuwa juu ya rafu. Kabati lenye kioo nalo ligeuzwe. Kisha lala chali, elea, soma, rudi, uandike ulichokiona kabla hujashuka kitandani. Na kazi ya kuchagua namba usimpe mdogo wako. Ataandika 12345, nawe utajitangaza nabii.