Sifa za Paka Mlala Kinandani

Miongoni mwa viumbe waliochangia muziki wa mashine bila kutajwa kwenye jalada la albamu, paka wa studio ya nyumbani anastahili kutangulizwa, hasa yule wa Woodley, mtaa unaopakana na Kibera na Barabara ya Ngong, ambako chumba cha kulala hugeuzwa studio kwa kutundikwa mablanketi ya mitumba kutoka soko la Toi, ili mwangwi ufe na makelele ya nduthi yabaki nje. Humo sintesaiza, yaani kinanda kisicho na nyuzi wala mabomba bali saketi za umeme zinazounda sauti tangu mwanzo, huwashwa jioni, na kabla mwenyewe hajavuta kiti, paka huwa ameshalala juu yake.

Wasiojua huuita uvivu. Mashine za analogia, ambazo sauti yake hutoka katika mkondo wa umeme wenyewe wala si katika hesabu za kompyuta, hutegemea osileta, sehemu inayozalisha wimbi la sauti, ambayo transista zake hubadilika tabia kwa joto, kiasi kwamba chombo kilichopoa huteleza nje ya noti mpaka kipate moto, na Woodley ya mwezi Julai haina joto la kugawa. Paka, mwenye mwili wa nyuzijoto 38 na zaidi, huchagua kulala palepale penye matundu ya kupumulia, akalipokea joto la mashine na kulirudisha kwa ukarimu. Kwamba akiyaziba matundu hayo noti huteleza kuelekea upande wa pili ni jambo dogo ambalo fundi hulipwa kulirekebisha, naye fundi ana watoto wa kulisha.

Hata hivyo, kipaji chake kikubwa ni uhariri. Sintesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970 haikuwa na kumbukumbu, kwa hiyo sauti iliyotafutwa kwa saa tatu iliishi katika mkao wa vifundo vyake tu. Prophet-5 ya mwaka 1978 ilipoleta uwezo wa kuhifadhi sauti, bado walibaki wapenzi wa mashine zisizokumbuka lolote. Kwa hao, paka hupita akisugua shavu, penye tezi za harufu anazotumia kutia alama mali yake, kwenye kifundo cha kichujio, kile kinachopunguza au kuachia ukali wa sauti, akakizungusha robo mzunguko, kisha akaketi kujilamba mguu. Sauti ya saa tatu imekwenda, na iliyobaki, ikisikilizwa hasira zikishatulia, mara nyingi ndiyo nzuri zaidi. Prodyuza wa kibinadamu angedai malipo kwa kazi hiyo, tena angetaka jina lake litamkwe mwanzoni mwa wimbo.

Besi nayo ni yake. Mkoromo wa paka huanzia takriban hezi 25, yaani mitikisiko 25 kwa sekunde, chini ya noti ya mwisho ya piano, ambayo ni hezi 27.5, ilhali spika ndogo za chumbani hukata tamaa mapema sana kabla ya kufika huko. Anayetaka kuihisi besi ya kweli katika studio ya namna hii hana budi kumpakata. Habari kwamba paka hulinda nyaya dhidi ya panya haifai kukuzwa, kwa kuwa nyaya hizohizo paka mwenyewe huzitafuna.

Ulaya walikwisha kumtambua, maana sonata moja ya mtunzi Domenico Scarlatti, ya mwishoni mwa miaka ya 1730, ilibandikwa baadaye jina la fuga ya paka, kwa hadithi kwamba mnyama huyo ndiye aliyezikanyaga noti zake za kwanza. Nairobi nayo ina masikio tayari, tangu KMRU, mjukuu wa mwimbaji Joseph Kamaru, alipotoa albamu ya Peel mwaka 2020 na kuonyesha jinsi sauti iliyonyooshwa polepole inavyoweza kujaza chumba. Kwa hiyo mwanamuziki anayerudi kutoka Toi na omena kwenye karatasi, akakuta paka amekalia vitufe vitatu vya chini na kinasa sauti kikiendelea kunasa, hufunga mlango taratibu na kuiweka omena mbali na pua yake, asije akanyanyuka kabla ya dakika ya ishirini.