Sifa za Muhuri wa Mtendaji

Wafalme wamesifiwa, majahazi yamesifiwa, hata tumbako imepata watunzi wake. Muhuri wa Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji bado unasubiri. Ni kipande cha mpira kilichogandishwa kwenye mshikio, kinacholala droo moja na stakabadhi za michango, na wino wake aghalabu umekauka. Lakini kuanzia Ruanda, kunakochimbwa makaa ya mawe ya Ngaka, hadi Lituhi, Liuli na Mbamba Bay kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ni wazee wachache waliowahi kuufikia mkono wa serikali bila kupita kwanza chini ya mpira huu.

Anayestahili sifa huanzwa kwa ukoo wake, na ukoo wa muhuri ni mzuri. Mahali pake pa kazi pamejengwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Katiba nayo, katika ibara ya 11, inataja haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee. Mwaka 2003 ikaja Sera ya Taifa ya Wazee, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60. Katiba ikaahidi, sera ikafafanua, na kazi ngumu kuliko zote, ya kuthibitisha kwamba mzee ni mzee na anaishi pale anapoishi, ikaachiwa muhuri.

Kinachotafutwa hasa ni nini? Tanzania Bara haina mpango wa serikali wa kumlipa mtu aende nyumbani kwa bibi kumwogesha, kumkorogea uji na kumfulia shuka. Kilichopo ni matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, yenye dirisha lake hospitalini, pamoja na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF uliozinduliwa Agosti 2012. Katika awamu ya kwanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikilipwa kila baada ya miezi miwili. Fedha hizo ndizo zinazotakiwa zifanye kazi ya mhudumu wa nyumbani: zinunue sabuni, zilipe mchota maji na, zikibaki, zimpe mjukuu nauli.

Sifa ya kwanza ya muhuri ni kulinda afya. Nyumba za Umatengo, wilayani Mbinga, zimekaa mgongoni mwa milima, juu ya mashamba ya mashimo yaitwayo ngolo, na ofisi ya kijiji mara nyingi iko mgongo wa pili. Bila muhuri, mzee wa huko angekaa kibarazani mwaka mzima akiota jua. Muhuri humwinua. Humteremsha hadi mtoni na kumpandisha upande wa pili, na mvua za Januari zikiwa zimelainisha njia, mazoezi huwa kamili. Aliyevimba goti hupakiwa kwenye bodaboda, akashikiliwa na mjukuu kwa nyuma, apelekwe kuthibitisha kwamba hawezi kwenda popote.

Akifika hupokewa kwa adabu zote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata ile barua."

"Barua ipo tayari, babu, ila mtendaji kaitwa Mbinga na muhuri kaufungia. Labda Jumatatu."

Hapo babu hutambua kwamba anatarajiwa kuwa hai Jumatatu. Si kila ofisi humpa mtu wa miaka 80 matumaini ya namna hiyo.

Sifa ya pili ni kuhifadhi historia. Wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hutakiwa kukumbuka. Alizaliwa vita vya Hitler vikiisha? Alikuwa ameshaoa wakati wa Operesheni Vijiji? Anayebahatika huwa na cheti cha ubatizo, maana wamisionari wa Peramiho, waliofika mwaka 1898, walipenda kuandika. Kazi hii ya heshima Waingereza waliifanya mapema. Sheria yao ya pensheni ya mwaka 1908 ilimpa mwenye miaka 70 hadi shilingi tano kwa wiki, kuanzia 1 Januari 1909. Kule Ireland uandikishaji wa vizazi kwa wote ulikuwa umeanza mwaka 1864 tu, hivyo wazee wakawa wanaulizwa kama wanaukumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa, yaani tufani ya 6 Januari 1839. Inasemekana kumbukumbu za upepo huo ziliongezeka ghafla nchini.

Tatu, muhuri huunganisha ukoo. Mtoto aliye Songea hupigiwa simu atume nauli; aliye Dar es Salaam, atume hela ya picha za pasipoti; jirani hutafutwa awe shahidi. Mjukuu wa kike, ambaye ndiye anayekoroga uji na kufua shuka bila ruzuku yoyote, hukosa shule siku mbili akimsindikiza bibi. Jina lake halina sehemu kwenye fomu, na hilo humwepusha na majivuno.

Uadilifu wa muhuri nao unahitaji kutajwa. Kaya za TASAF huanza kutajwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji, kisha hufuata dodoso linalotazama nyumba na mali. Bibi aliyeezeka bati kwa fedha za kahawa ya miaka ile, wakati mumewe yu hai, anaweza kuonekana ana uwezo. Muhuri haubishani na bati.

Ili thamani yake ionekane, watazamwe waliojaribu kuishi bila muhuri huo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama ni maskini, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa hadi 50,000. Mazungumzo yote yale ya bati yamewapita. Uganda, yenye mpango wa SAGE wa kuwalipa wazee, iliiamini zaidi kadi ya taifa, na wako wazee waliokosa fedha zao kwa sababu kadi iliwaandika vijana kuliko walivyo.

Maadui wa muhuri hawajalala. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaomfuata mgonjwa nyumbani kwake badala ya kumngoja ofisini. TASAF nayo imehamishia malipo mengi kwenye simu. Wapo wanaonong'ona kwamba zama za mpira na wino zimekwisha.

Wasiwasi huo hauna msingi. Malipo ya simu yanataka laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, hata vidole vilivyolika kwa jembe la miaka hamsini. Usajili huo unataka namba ya NIDA. Namba ya NIDA huanza na fomu, na fomu hiyo ina nafasi iliyoachwa wazi kwa sahihi ya mtendaji na muhuri wake.