Sebule ya Fundi Bomba Inavuja

Tabata, Dar es Salaam, yupo fundi bomba anayeaminiwa na mtaa mzima. Bomba likipasuka usiku wa manane, ndiye anayegongewa mlango. Tangi la juu likianza kudondosha maji, ndiye anayepanda. Lakini mganga hajigangi, na ushahidi uko sebuleni kwake: tangi la vioo la samaki wa mapambo, urefu sentimita 150, upana 60, kimo 60, na chini ya pembe yake ya mbele kushoto, beseni la bluu la kukingia maji.

Tangi hilo alilitengeneza mwenyewe. Aliposikia bei ya lililokwisha kuundwa alicheka mbele ya muuzaji, akapiga hesabu ya vioo kichwani, akaenda zake kwa fundi vioo. Huyo akamkatia vipande vitano vya unene wa milimita 10, kisha akamuuliza kwa upole kama anajua kuviunganisha. Kumuuliza fundi bomba kama anajua kuziba maji ni kumtukana.

Kwa vipimo hivyo, tangi likijaa hadi ukingoni linabeba lita 540, yaani kilo 540 za maji, kabla hujahesabu vioo vyenyewe vinavyokaribia kilo 85, wala mchanga, wala mawe. Hata hivyo adui wa maungio ni msukumo zaidi kuliko uzito. Kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo maji yanavyosukuma kwa nguvu: juu yanakigusa kioo tu, chini yanakikandamiza. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 270 hivi, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Kinachokizuia kisiende kuketi kochini na wageni ni mstari wa silikoni wenye upana wa sentimita moja.

Mstari huo ulishika vizuri, kwa muda uliotosha watoto kuwapa samaki wote majina. Samaki wenyewe ni mbuna, wale wa miambani Ziwa Nyasa, bluu na manjano, ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha nzuri. Ni wazuri na ni wakorofi. Kila dume hudai jiwe lake na kulilinda kana kwamba ana hati ya kiwanja. Asubuhi moja, zulia la mbele ya tangi lilikuwa limelowa. Akashukiwa mtoto wa mwisho. Kesho yake likalowa tena, na mtoto alikuwa amelala kwa bibi yake.

Fundi hakushtuka. Alichukua silikoni aliyozoea kuzungushia masinki na mabafu ya wateja, akaipaka nje ya pembe inayodondosha, akailainisha kwa kidole, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Silikoni za bafuni nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Bahati ilikuwa upande wa mbuna: kwa kupakwa nje, silikoni ile haikuwafikia, ila kwa kupakwa nje haikuziba kitu pia. Maji yanapotoka ndani yanaibandua kwa mgongo. Kiraka cha tangi hukaa upande wa maji, ili msukumo uleule ukikandamize mahali pake.

Basi akapunguza maji, akapaka ndani, safari hii silikoni iliyoandikwa kuwa ni ya matangi ya samaki. Nyumba nzima ikanuka siki, maana silikoni ya aina hiyo hutoa asidi ya siki inapokauka. Jirani aliyepita alisimama dirishani kuulizia achari inauzwaje. Zulia likakauka. Fundi akatembea na mabega juu kwa wiki kadhaa, kisha beseni likarudi.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haisemi lolote kuhusu mtu anayeziba kila mara na bado anadeki. Kosa lilikuwa kwamba silikoni mpya haishikamani na ile ya zamani iliyokwisha kukauka. Inalala juu yake, inapendeza kwa macho, kisha maji yanapenya katikati ya hizo mbili taratibu. Kila kiraka alichoongeza kilikuwa blanketi juu ya jeraha.

Halafu alikuwa akiziba pembe isiyo na hatia.

Hilo liligunduliwa na mkewe, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri. Siku fundi alipokwenda kazini, mama huyo alikausha tangi kwa kanga kuukuu, akachukua poda ya mtoto na brashi iliyofungwa kwenye fimbo ya ufagio, akapaka maungio yote kwa nje, pamoja na yale ya nyuma ambako shingo ya mtu haipiti. Poda kavu ni nyeupe. Ikilowa inageuka kijivu na haifichi kitu. Jioni akapenyeza simu nyuma ya tangi na kupiga picha. Pembe ya mbele kushoto ilikuwa nyeupe pe kutoka juu hadi chini. Kwenye ungio la chini, upande wa ukutani, kulikuwa na doa dogo la kijivu, na kutoka hapo mchirizi uliokwenda kupotea chini ya tangi. Maji yalitokea nyuma, yakafuata mteremko chini ya kioo cha kitako, yakaja kudondoka mbele.

“Baba watoto,” alimwambia, “wewe umekazana na mlango, mwizi anapita dirishani.”

Mteremko ulitoka wapi? Fundi akaleta pima maji, ile anayowekea masinki ya watu yakae sawa, akailaza juu ya meza ya chuma kwa mara ya kwanza. Kipovu kikakimbilia ukingoni. Sakafu ya sebule imeinamishwa kidogo kuelekea mlangoni, kama sakafu nyingi, ili maji ya kudekia yatoke. Na mguu mmoja wa meza, aliokata fundi wa kuchomelea, ulikuwa mfupi, umetegemezwa kwa kipande cha kigae. Kioo hakipindi kufuata meza iliyopinda. Mkazo wote unaishia kwenye maungio, na moja lilikuwa limesalimu amri.

Kwa kumtetea fundi wetu, wakubwa pia hufikwa. Tarehe 16 Desemba 2022, tangi la AquaDom lililokuwa ndani ya hoteli mjini Berlin lilipasuka alfajiri na kumwaga lita milioni moja za maji pamoja na samaki wapatao 1,500 hadi barabarani. Pale hata beseni lisingesaidia.

Matengenezo ya kweli yalihitaji kila kitu kitoke. Mbuna walihamishiwa kwenye pipa lenye pampu ya hewa na, kwa kuwa humo hamna jiwe la kugombea, wakaishi kwa amani ambayo hawajawahi kuionyesha sebuleni. Shemeji mmoja mwenye huruma aliponea chupuchupu kufua sponji la kichujio kwa sabuni ya unga. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, na kuwaosha kwa sabuni ni kuwaua. Meza ikasawazishwa, ikatandikwa shiti la povu jeupe gumu. Silikoni yote ya ndani ikakwanguliwa kwa wembe hadi kioo kikabaki uchi, kikapanguswa kwa spiriti. Sehemu ya kukwangua ndiyo inayochosha zaidi, na ndiyo ambayo fundi alikuwa akiikwepa tangu mwanzo. Mstari mpya ukapakwa mara moja bila kukatisha, ukaachwa wiki nzima, kwani silikoni huiva kutoka nje kuingia ndani, milimita mbili au tatu kwa siku.

Tangi ni kavu kwa nje, na beseni limerudi kazi yake ya kufulia. Nawe ukitaka kuunda la kwako, unda. Hakikisha silikoni haina dawa ya ukungu na tarehe yake haijapita. Na kama umepanga ghorofani, mwambie mwenye nyumba mapema kwamba kilo 600 na ushei zinahamia sebuleni kwake.