Miti ya Wafalme

Mfyuuu! Jamani, mnashangilia mashada tu.

Kila tarehe 13 Oktoba mnaona misafara inavyopanda kilima cha Vugizo, hapa Bujumbura. Wakubwa na suti zao, maua, kaburi la mwanamfalme Rwagasore limesafishwa likasafishika. Sawa, aliuawa 1961 akipigania uhuru, anastahili. Lakini yule ana babu zake. Nani anakwenda kwao?

Muulize kijana yeyote hapa mtaani Asiatique kuhusu kaburi la mwami, yaani mfalme. Atakutajia Mwambutsa, kwa sababu lake lilizaa kesi. Kafia Uswisi 1977, kaacha wasia asirudishwe Burundi hata mifupa. Mwaka 2012 wakamfukua; ndugu wakaburutana mahakamani hadi 2017, akazikwa tena kulekule Meyrin, karibu na Geneva. Miaka mitano marehemu anangoja mawakili! Haya, na mwami Mwezi Gisabo, aliyewatoa jasho Wajerumani, mbona hatumgombanii?

Wafalme wa kale wako juu huko Nkiko-Mugamba, upande wa msitu wa Kibira. Mama zao wako Mpotsa. Usitafute marumaru, mzee, wala jina. Kaburi la mwami ni miti: kichaka kikubwa kilichoachwa kikue, kisiguswe na panga. Watu wa koo za Banyange ndio waliozika, ndio waliolinda, baba akimwachia mwana. Uzio haukuwapo. Mwiko ulitosha, na aliyekwenda pale kutafuta kuni alijua anaingia nyumbani kwa nani.

Kisha 1966 mwanajeshi Micombero akafuta ufalme. Siasa hiyo, siingii. Ninachosema, alipoondoka mwami, kazi ya Banyange nayo ikakosa mwenyewe. Mwiko ukishalegea, mti unakuwa mbao. Na nchi yetu mnaijua, tumebanana, jembe linatafuta pa kupenya. Simlaumu mkulima mwenye watoto saba. Namlaumu aliyemtoa mlinzi asiweke mwingine.

Eti 2007 maeneo hayo yalipelekwa UNESCO. Ndiyo, yakawekwa kwenye orodha ya kungojea. Ngoma zetu zikapita hukohuko UNESCO 2014... najua ni orodha nyingine, usinikatize! Ngoma inapokea wageni, inapigiwa picha, inasafiri Ulaya. Miti itamchezea nani?

Mimi ningeanza na koo za Banyange. Wapewe posho kama walinzi wa hifadhi ya Kibira, mipaka ya vichaka ipimwe na iandikwe, wenye mashamba jirani waitwe kikaoni kabla ya mtu wa ofisini kuleta bango. Bango lenyewe litageuzwa mlango wa banda la mbuzi, mtaniambia.