Sifa za Karatasi ya Chooni

Kuna vitu husifiwa hadi vikavimba kichwa, na kuna vingine havipati hata ahsante. Karatasi ya chooni imo katika kundi la pili. Nimekuja kuitetea, tena si kwa ile kazi yake ya faraghani ambayo kila mtu anaijua, bali kwa kazi yake ya sebuleni, mbele ya wageni, ikiwa imebandikwa kwenye twita, kile kitoa sauti kidogo cha spika kinachotoa sauti za juu.

Zitazameni sebule zetu za siku hizi. Chini tailizi, juu jipsamu, ubavuni dirisha kubwa la aluminiamu, katikati meza ya kioo. Ni nyumba ya kupendeza kwa macho na ya kuadhibu masikio. Ukiwasha muziki, fidla za taarabu zinazobembeleza ukumbini huanza kukwaruza, na kila "s" ya mwimbaji hutoka kama sindano. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, na eneo hilo hilo ndilo twita kali hupenda kulishambulia. Kisha tailizi huirudisha sauti kwenye kioo, kioo nacho huirusha ukutani, nawe umekaa katikati unapigwa pande zote. Aliyesema dawa ya moto ni moto hakuwahi kuishi na spika ya namna hii.

Msidhani karatasi hii haina ukoo. Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alitakiwa auponye ukumbi wa mihadhara wa Fogg, ambamo sauti ilichukua kama sekunde 5 na nusu kufa. Neno la mhadhiri lilikuwa bado linazunguka juu wakati maneno mengine mengi yamekwisha kulifuata. Sabine hakuagiza mtambo wowote. Usiku aliazima mito ya viti vya ukumbi wa jirani, akaipanga humo, akapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa jinsi sauti inavyofifia. Asubuhi mito ikarudi kwao. Hesabu iliyozaliwa na mito hiyo ndiyo iliyoongoza ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900. Mto wa kukalia, basi, ni babu yake karatasi yetu, na ukoo huo wote umepata heshima kwa kuwa laini.

Sasa matendo ya karatasi yenyewe. Mwaka 1978 Yamaha ilitoa spika ya nyumbani iitwayo NS-10, yenye koni nyeupe na ukali wa kutosha. Nyumbani haikupendwa, studio ndizo zilizoikumbatia, kwa hoja kwamba wimbo ukisikika vizuri humo utasikika vizuri popote. Lakini masikio ya mafundi nayo ni ya nyama. Bob Clearmountain, fundi mashuhuri wa Marekani wa kuchanganya muziki, alijulikana kwa kuzifunika twita zake kwa karatasi laini, na wengi wakamwiga. Ilifika mahali mhandisi mwingine akakaa chini kwa vipimo kulinganisha karatasi za aina mbalimbali. Mwaka 1987 Yamaha ikatoa toleo la studio lenye twita iliyopunguzwa makali. Kiwanda kizima kilipigia magoti kipande cha karatasi! Mwaka 2008 spika hiyo ikailetea kampuni tuzo ya Grammy ya ufundi. Karatasi haikualikwa jukwaani, wala haikulalamika.

Wapinzani wake wana hoja. Wanasema haikati makali kwa usawa: sehemu ya sauti hurudi kwenye twita, masafa mengine yakazama na mengine yakachomoza. Ni kweli. Wanasema kitufe cha trebo hufanya kazi hiyo kwa adabu zaidi. Hilo nalo ni kweli, kwa mwenye kitufe. Lakini muuza duka yeye atakushauri ununue waya wa laki tano, akiapa kwamba "utalainisha sauti". Karatasi haijawahi kumdanganya mtu. Ukiibandua unaisikia tofauti papo hapo. Ukiubadili waya, unakaa ukiitafuta tofauti hadi usiku wa manane.

Isitoshe, karatasi ina unyenyekevu wa kuwatanguliza wakubwa zake. Anzeni kwa kuzigeuza spika kidogo zisiwatazame usoni, kwa maana sauti za juu husafiri kwa kunyooka na hupungua pembeni. Tandikeni zulia nene kati ya spika na kochi. Shusheni pazia zito mbele ya kile kioo. Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3 na nusu tu, hivyo hunaswa na manyoya ya zulia, wakati wimbi la besi la hezi 100, lenye mita 3 na zaidi, halitambui hata kwamba zulia lipo. Makali yakibaki, hapo ndipo karatasi iitwe: tabaka moja, juu ya wavu, isiiguse twita yenyewe.

Na jaribio likishindikana, hakuna hasara. Karatasi itarudi kwenye kazi yake ya asili, jambo ambalo siushauri waya wa laki tano ulijaribu.