Ukipeleka Runinga Mwingi

Desemba imefika na umeamua: mwaka huu huendi nyumbani na sukari na mkate peke yake, unaenda na runinga ya inchi 32. Umeiketisha kwenye kiti cha matatu, umeilipia nauli kama abiria mzima, na tangu Thika unaishika bega kila dereva akikanyaga breki. Mwongozo huu ni wako, mradi kwenu si pale mjini kando ya barabara ya Garissa bali ni ndani, upande wa Kyuso, Nuu, Migwani au Tseikuru, ambako mwenye boda boda hukushusha akakuambia hapo mbele utamalizia kwa miguu. Wa mjini watajipanga.

Kwanza lisome sanduku tena, safari hii bila furaha. Limeandikwa kwamba runinga ni ya dijitali, na mwenye duka hakukudanganya, ila hakumalizia. Matangazo yanayotoka kwenye milingoti ya Kenya hurushwa kwa mfumo wa DVB-T2. Runinga nyingi za mitumba zilizowahi kukaa sebuleni Ulaya zinaelewa DVB-T, ile isiyo na 2. Zikifika kwenu zitatafuta stesheni kwa bidii kutoka asilimia sifuri hadi mia, kisha zitakujulisha kwa adabu kwamba hazijaona kitu. Hiyo 2 ina kisa chake. Rais Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa awali, baadaye nchi ikahamia huu wa sasa, na wananchi watiifu waliowahi kununua king'amuzi wakabaki na kisanduku kizuri cheusi cha kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Tangu hapo mtu mwenye busara huiacha serikali itangulie hatua mbili kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Ukifika, wazee watakuambia runinga za zamani zilikuwa bora. Usiwabishie upesi. Ile Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyokula betri ya gari iliyobebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, ilionyesha kitu hata mawimbi yakiwa yamechoka. Chenga zilijaa kioo kizima, mchezaji mmoja akaonekana wawili, lakini bao likifungwa ulijua limefungwa na ulijua ni la nani. Analogi ilikuwa ikififia polepole. Dijitali haina subira hiyo: mawimbi yakishuka chini ya kile kiwango ambacho king'amuzi kinahitaji ili kisahihishe makosa, picha inavunjika miraba miraba, msomaji habari anakwama mdomo wazi, sauti inakatika kama ya mtu mwenye kwikwi, halafu kioo kinakuwa cheusi na maandishi ya kusema hakuna mawimbi. Kwa watu walio mbali na mlingoti, maendeleo yote ndiyo hayo. Waliokuwa wakiona vibaya sasa ama wanaona vizuri ajabu, au hawaoni kabisa.

Kwa hiyo swali si una runinga gani. Swali ni kilima gani kimekaa kati yenu na mlingoti. Kwenye karatasi, mlingoti wa mita 100 na antena iliyoinuliwa mita 9 huonana hadi umbali wa kilomita 54 hivi. Karatasi haina Mumoni. Haina kilima cha Nuu, wala haina miti ya ua wenu, ambayo majani yakichipua baada ya mvua ya Novemba humeza yale mawimbi ya UHF yaliyokuwa yakipenya kati ya matawi makavu. Utakuta boma ambalo kiangazi kikikaza picha ni safi kama ya dukani, na ndengu zikistawi habari za saa moja zinapotea. Muulize mwenye boma angependa kipi. Atafikiri kwanza.

Usimwulize mtu yeyote mlingoti uko wapi, maana utaonyeshwa ule mnara wa simu ulio juu ya kilima, wenye taa nyekundu, na utaelekeza antena huko mchana kutwa bila kupata hata tangazo la sabuni. Tazama mapaa. Antena za majirani zikiwa zimeelekea upande mmoja, na mikono yake imelala au imesimama kwa namna moja, iga bila kuhoji. Jirani mmoja akiwa ameielekeza yake kwenye jabali tupu, usimcheke, maana mawimbi hudunda, na huenda yeye ndiye anayeona kuliko wote.

Antena ya marehemu mzee, ile ya mikono mirefu iliyofungwa kwa waya juu ya mti, iheshimu lakini usiitumie. Ilitengenezwa kwa masafa ya zamani ya KBC. Kwenye megahetsi 600 nusu ya wimbi ni sentimita 25, fupi kuliko rula ya shule, na mikono ya antena mpya inakaribia urefu huo. Mjini utauziwa nyingine inayozunguka yenyewe kwa rimoti, yenye mota na mabawa, ambayo muuzaji atakuambia inavuta hadi Mombasa. Inazunguka kweli. Watoto wataifurahia siku nzima.

Sasa fundi. Aliahidi saa mbili na amefika saa tano, ngazi ameiazima kwa mwalimu. Yeye yuko juu ya mabati ameshika bomba, mpwa wako yuko mlangoni, mama yuko mbele ya kioo, na habari zinapitishwa kwa kelele.

"Hapo?"

"Bado!"

"Hapo je?"

"Imekuja! Imeenda! Rudisha!"

"Nirudishe wapi?"

Usimlaumu fundi wala mama. Enzi za analogi picha ilitokea papo hapo, na mpiga kelele mwenye pafu zuri aliweza kulisimamisha bomba mahali pake. King'amuzi huchukua sekunde kadhaa kushika mawimbi na kufungua picha. Kelele ikifika juu, bomba limeshapita pale pazuri na kwenda zake. Dawa ni kugeuza kidogo, kusimama, kuhesabu hadi kumi, kisha kugeuza tena, na hakuna fundi aliyezaliwa Ukambani mwenye hiyo subira saa sita mchana juu ya bati la Desemba.

Kwenye menyu utaona mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Wa nguvu ni wa kuonyesha wageni. Unaoleta picha ni wa ubora. Fundi akishindwa atapendekeza busta, kile kikopo kidogo kinachofungwa kwenye antena, na mstari wa nguvu utaruka hadi 95 huku wa ubora ukibaki sifuri, kwa kuwa busta hukuza kila kinachoingia, mawimbi na kelele pamoja. Kinafaa pale mawimbi ni safi ila waya ni mrefu, na hata hapo lazima uruhusu kwenye menyu umeme upande kwenye antena, jambo ambalo husahaulika hadi busta la pili linunuliwe. Huo waya nao uwe waya wa antena. Fundi akitoa kipande cha waya wa stima kuunga mita mbili zilizopungua, mpe chai na umshukuru.

Jioni utapata KBC safi kabisa. Utaita majirani. Watauliza Citizen iko wapi.

Hapo hakuna kosa la antena. Ni siasa ya taifa iliyokufuata hadi kijijini. Stesheni za Kenya hazirushwi na mtu mmoja. KBC hubebwa na Signet, kampuni yake yenyewe. Wachina wa kampuni ya PANG walipewa leseni ya pili ya kurusha. Nation, Standard na Royal Media wakakataa kubebwa na yeyote kati yao, wakaenda mahakamani, na tarehe za kuhama kutoka analogi zikasogezwa na kusogezwa. Februari 14, 2015, Mamlaka ya Mawasiliano ikazima mitambo yao ya analogi Limuru, na Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa siku 19 hivi. Ziliporudi zilirudi na mtandao wao wa kurusha, Africa Digital Network. Ushindi mkubwa. Kwako wewe maana yake ni kwamba stesheni zinakuja kwa mafungu tofauti, kwenye masafa tofauti, na fungu moja likifika kwenu lingine si lazima lifike. Unaweza kupata bunge zima bila tamthilia hata moja. Mama hatakuelewa, na ana haki.

Kuhusu king'amuzi, ikiwa runinga yako haina chake ndani: cha bure ni ghali kidogo dukani na hakikudai tena. Cha kulipia ni rahisi dukani, na sababu utaijua mwezi wa pili, simu ikiingia saa mbili usiku kuuliza kwa nini mchezo umekatika na kuna maandishi. Ukiwa na roho ya kutuma pesa kila mwezi, tuma. Ukiwa huna, sema mapema, maana majirani watakuwa wameshazoea kuja na viti vyao.

Mwisho, Januari utarudi kazini, na siku moja stesheni itahamishiwa masafa mengine bila barua. Utaitwa kwa simu. Umwelekeze mama atafute stesheni upya, kwa rimoti ambayo huioni, kwenye menyu ya Kiingereza, yeye akikusomea herufi moja moja na redio ya Musyi FM ikivuma nyuma yake kwa sauti ya juu, kwa kuwa hiyo haijawahi kumsumbua. Mwambie asibonyeze sehemu ya kurudisha king'amuzi kilivyotoka kiwandani. Atakuwa amebonyeza. Kitaomba namba ya siri: mwambie 0000, na ikikataa, 000000. Zikikataa zote mbili, amwite yule mtoto wa jirani wa darasa la sita. Yeye ndiye aliyeibadilisha.